Jeraha la Risasi ni Ushahidi, Lisifutwe

Katika kaunti za Turkana, Pokot Magharibi na Baringo nchini Kenya, wezi wa mifugo hubeba bunduki, mara nyingi za aina ya AK-47. Majeruhi akifikishwa hospitalini, daktari ana kazi mbili: kuokoa maisha na kuhifadhi ushahidi. Ya pili husahaulika kwa urahisi.

Kwa kawaida, risasi inapoingia mwilini huacha tundu dogo la mviringo lenye ukingo uliochubuka. Inapotoka, tundu huwa kubwa zaidi na limechanika. Lakini ukubwa pekee hupotosha: mtutu ukigusa kichwa, gesi ya baruti huipasua ngozi juu ya fuvu, na jeraha la kuingilia likawa pana lenye umbo la nyota.

Umbali nao husomeka. Masizi kwenye ngozi huonyesha kuwa mtutu ulikuwa karibu, takriban sentimita 30 au chini ya hapo. Chembe za baruti hufika mbali zaidi, pengine karibu mita moja, zikaacha vidoadoa visivyooshwa. Kupita hapo, hubaki tundu tu. Ndivyo mpasuaji maiti anavyoweza kupima maelezo ya mshukiwa anayedai kuwa yeye na marehemu walikuwa wakinyang'anyana silaha. Nguo huweza kunasa masizi yasifike kwenye ngozi, hivyo anayetupa shati lenye damu huenda ametupa jibu.

Kwa sababu hiyo, hali ya mgonjwa ikiruhusu, jeraha lipigwe picha na kupimwa kabla ya kuoshwa. Nguo zikatwe pembeni mwa tundu, zikaushwe na kufungwa kwenye mifuko ya karatasi. Risasi isishikwe kwa koleo tupu la chuma, maana mikwaruzo iliyoachwa na mtutu ndiyo huioanisha na bunduki iliyoifyatua. Maiti ipigwe eksirei kabla ya kupasuliwa.

Nchini Kenya, daktari huandika matokeo kwenye fomu ya P3 inayotolewa na polisi. Hata hivyo, ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inakataza kumnyima mtu yeyote matibabu ya dharura. Fomu inaweza kusubiri, damu inayovuja haisubiri.

Wahudumu wa afya, tibuni kwanza, kisha andikeni kila mlichokiona. Nanyi jamaa wa majeruhi, msifue wala kuchoma nguo zake: zikabidhini kwa polisi.