Roda aliitambua sauti

Somo: Matendo ya Mitume 12:12-16



Petro alipotolewa gerezani na malaika, alikwenda nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, akabisha mlango. Ndani waumini walikuwa wakiomba. Kijakazi aitwaye Roda alikwenda kusikiliza. Uso hakuuona, alisikia sauti tu, akajua ni Petro. Alipowaambia wenzake, walisema ana wazimu. Jibu la maombi yao lilikuwa limesimama nje, likibisha.

Roda alijuaje? Mungu amemuumba kila mtu na sauti yake. Hewa hutoka mapafuni, hupanda kooni na kupita katikati ya nyuzi mbili ndogo za sauti. Mtu anapozungumza, nyuzi hizo hutikisika mara 100 hivi kwa sekunde kwa mwanamume, na mara 200 hivi kwa mwanamke. Za mwanamume ni ndefu na nene zaidi, ndiyo maana besi ni yake. Kisha koo, ulimi, meno na pua huipa sauti sura yake. Mama humtambua mwanawe kwenye simu kwa "shikamoo" moja tu.

Lakini sauti haitaji jina tu, hutaja na hali ya mwili. Mwenye mafua hujulikana kabla hajasema anaumwa. Aliyepungukiwa pumzi hukatiza maneno katikati. Tena kuna jambo la ajabu: mshipa wa fahamu unaoongoza uzi wa sauti wa kushoto hauendi kooni moja kwa moja. Hushuka kwanza kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, ndipo hupanda tena. Kwa hiyo uvimbe uliojificha kifuani unaweza kujulikana kwanza kwa sauti kukwaruza, kabla ya maumivu yoyote.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaoimba. Chukua mfano wa Nassa, mkoani Simiyu, kando ya Ziwa Victoria, ambako Africa Inland Mission ilipokea kituo kutoka Church Missionary Society mwaka 1909. Huko, kama kwingine, Jumapili bila kwaya haijakamilika. Moshi wa kuni jikoni, vumbi la pamba wakati wa mavuno na mazoezi ya kila jioni kabla ya mkutano wa injili, vyote huchosha koo. Mwimbaji akikaukiwa sauti, tunampa tangawizi na asali, tunamwombea, na Jumapili inayofuata tunamrudishia kipaza sauti.

Sauti iliyokauka kwa mafua au kwa kuimba sana kwa kawaida hurudi ndani ya wiki moja au mbili, ikipewa maji na mapumziko. Shida ni ile isiyorudi. Wiki tatu zikipita, tangawizi imefika mwisho wake. Aende kituo cha afya, aombe kufikishwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata ikibidi kwenda Bugando, Mwanza. Huenda ni vinundu vya kulazimisha sauti. Huenda ni kifua kikuu, ambacho hushika hata koo. Huenda ni saratani, na saratani ya nyuzi za sauti ikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika. Akipumua kwa shida, akishindwa kumeza au akikohoa damu, asingoje hata hizo wiki tatu.

Wapo wanaosema kwenda hospitali ni kupungukiwa imani. Wakumbuke kwamba Luka, aliyetuandikia habari ya Roda, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Tukimwombea mgonjwa na kumzuia asitibiwe, tunafanana na wale walioendelea kuomba huku mlango umefungwa.

Mwenye sauti mara nyingi hagundui, kwa kuwa mabadiliko huja polepole. Anayegundua ni mke, mume, jirani, mwalimu wa kwaya. Hao ndio akina Roda wetu. Leo baada ya ibada, ukisalimiwa kwa sauti ambayo siyo ile uliyoizoea, usipite. Muulize imeanza lini. Kisha mwombee, na kesho Jumatatu msindikize.

Bwana atupe masikio ya Roda. Jumapili njema.