Pesa Imetoka, Keshia Hajaiona: Mtandao Unapojizungusha

Mteja amelipa. SMS imeingia kwa simu yake na salio limepungua, lakini keshia wa tawi anaangalia kompyuta na kusema, "Bado haijaingia, jaribu tena." Tafadhali usijaribu tena. Onyesha ile namba ya muamala kwanza. Inawezekana pesa ilishafika na kilichopotea njiani ni taarifa tu.

Sababu ni nyingi, lakini leo tunaongea na mafundi wa mitandao kwenye sacco, shule na maduka yenye matawi kuhusu moja inayosumbua sana: njia kurudishwa pale zilikotoka.

Tuseme sacco ina tawi Nakuru linalotumia itifaki ya RIP, na makao makuu Nairobi yanatumia OSPF. Katikati kuna rauta mbili, A na B, ili moja ikizima nyingine ishike kazi. Wazo zuri kabisa. Kila rauta inachukua njia za upande mmoja na kuzitangaza upande wa pili.

Sasa angalia. A inasikia njia ya Nakuru kupitia RIP, inaitangaza kwa OSPF. B inasikia njia hiyo hiyo mara mbili: kwa RIP kutoka Nakuru, na kwa OSPF kutoka kwa A. Kwenye vifaa vya Cisco, OSPF ina kiwango cha kuaminika cha 110 na RIP 120, na namba ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa hivyo B inaamini OSPF, yaani inaelekeza trafiki ya Nakuru kwa A. Halafu, kwa sababu imeambiwa itangaze njia za OSPF kwa RIP, inarudi kuwaambia wa RIP kwamba yenyewe inaijua Nakuru, tena kwa hatua 1 tu kama ilivyosetiwa. Njia ya kweli ina hatua 4. A inaona ya B ni fupi, inaichukua.

Hapo imeisha. A inatuma kwa B, B inarudisha kwa A. Kila pakiti ina hesabu inayopungua kwa kila rauta, ikifika sifuri inatupwa. Simu ya mteja inatumia mtandao wa simu kwa hivyo malipo yanapita bila shida, lakini taarifa yetu kwa seva ya Nakuru inafia katikati.

Dawa tunayoipenda ni lebo. A ikihamisha njia kutoka RIP kwenda OSPF, iibandike namba, tuseme 20. B ikitaka kuhamisha njia za OSPF kwenda RIP, ikatae yoyote yenye 20. Fanya hivyo kwa rauta zote mbili, na upande wa pili utumie namba tofauti. RIP toleo la 2 inabeba lebo, toleo la 1 haibebi. Orodha ya anwani za kuzuia pia inafanya kazi, shida ni kwamba siku mnafungua tawi jipya lazima mtu akumbuke kuisasisha, na si ati hukumbukwa kila mara.

Lebo pekee haizuii B kupendelea njia ya mzunguko kupitia A. Kwa hilo, pandisha kiwango cha njia za nje za OSPF kipite 120 kwenye A na B. Na kama tawi halihitaji kujua kila njia ya Nairobi, lipe njia moja ya jumla tu, usihamishe za OSPF kabisa.

Kupoteza asili ya njia si jambo dogo. Tarehe 25 Aprili 1997, mtandao wenye namba AS7007 huko Marekani ulitangaza njia za watu wengine kama zake, rekodi ya zilikopitia ikiwa imefutika, na sehemu kubwa ya intaneti ikavurugika.

Ukimaliza kuseti, zima A kisha uiwashe, halafu fuatilia njia kutoka Nairobi hadi seva ya Nakuru. Ukiona anwani mbili zinapokezana mstari baada ya mstari, mzunguko bado upo. Miamala ambayo seva haikupata, tutumie namba zake tuilinganishe na rekodi zetu kabla hujamwambia mteja alipe tena.