Nani anageuza mugonjwa? Ugomvi wa wauguzi na wasaidizi wao ndani ya hospitali zetu

Mutu akivunjika mufupa wa paja, hatoki hospitali kesho yake. Fasi ambapo hakuna vyombo vya kuunga mufupa kwa chuma, wanamufunga uzito kwenye mguu, analala chali wiki sita, mara ingine zaidi. Anakula pale, analala pale, anafanya haja pale. Huku kwetu Masisi na Walikale, fasi watu wanaanguka na pikipiki ndani ya matope, wanaporomokewa na udongo kwenye machimbo, ao wanapigwa risasi bila kujua nani amepiga, wagonjwa kama hao ni wengi.

Mugonjwa wa malaria anapitisha siku tatu, anarudi kwake. Hata watumishi wa hospitali wakigombana, anaweza kutoka bila kujua. Lakini huyu wa wiki sita anaona yote. Yeye njo anaishi ndani ya ule ugomvi, na yeye njo anaulipa.

Mimi mwenyewe nililijua jambo hilo wakati nililinda baba mukubwa wangu katika hospitali moja, ambayo sitaitaja. Siku moja asubui nilipokuwa ninamupangusa, niliona alama nyekundu chini ya mugongo, sawa mutu aliyeungua. Nikaenda kwa muuguzi: "Dada, mugonjwa wetu anaanza kupata kidonda." Akanijibu: "Uambie mama wa sale. Kugeuza mugonjwa haiko kazi yangu." Nikaenda kwa yule mama aliyekuwa anapangusa chini. Akaniangalia, akasema: "Mutoto wangu, mimi ninalipwa juu ya kusafisha. Kugusa mugonjwa walinikataza mbele ya watu wote. Rudia kwa wenye diploma."

Kisha siku nne, ile alama ikapasuka, ikakuwa kidonda. Mufupa uliunga vizuri. Lakini baba mukubwa alirudi nyumbani na shimo kwenye mugongo, na tulimusafisha miezi tatu mbele ya kupona.

Nimefikiri sana juu ya majibu yale mawili. Hakuna kati yao aliyenidanganya. Hakukuwa karatasi hata moja ndani ya ile sale iliyosema kazi hiyo ni ya nani. Ugomvi mwingi kati ya wauguzi na wasaidizi wao unatoka pale.

Nani ni nani ndani ya sale

Sisi raia tunamuita kila mutu mwenye koti jeupe "munganga". Lakini ndani kuko ngazi. Kuko muuguzi A2, aliyesoma kwenye sekondari ya utabibu, ile tunaita ITM. Kuko A1, aliyeongeza miaka tatu kwenye ISTM nyuma ya diploma ya serikali. Kuko A0, mwenye lisansi. Katika vituo vingine bado utakuta wazee wachache wa A3, waliosoma muda mufupi siku za zamani.

Chini ya hao kuko wasaidizi, wale tunazoea kuita kwa Kifaransa fille de salle na garçon de salle. Wanapangusa chini, wanamwanga vyombo vya choo, wanabadilisha mashuka, wanasukuma mugonjwa mpaka kwenye chumba cha kupasulia. Wengi wao hawakusomea kazi hiyo. Waliifundishwa pale pale, kwa kuona.

Kiisha kuko mutu wa tatu ambaye hakuna anayemuhesabu: mulinda mugonjwa. Ni mama, dada ao mutoto wa nyumbani anayepika, anayeosha, anayelala chini ya kitanda. Katika hospitali zetu, kazi nyingi za mwili wa mugonjwa zinafanywa na jamaa. Basi mugonjwa mumoja anazungukwa na watu watatu, na kila mumoja anafikiri kwamba mwingine ameisha kufanya.

Katika mwaka 2016 inchi yetu ilipata sheria ya kuunda Ordre des infirmiers, yaani chombo cha kuchunga heshima na nizamu ya kazi ya uuguzi. Ni jambo zuri. Lakini sheria hiyo ni ya wauguzi. Musaidizi wa sale hayumo. Muuguzi akikosea, kuko fasi ya kumuuliza. Musaidizi akikosea ao akikosewa, yote inabakia mikononi mwa mukubwa wake wa siku hiyo.

Ngazi hii haikuanza leo. Wakati wa Wabelgiji, Wakongo walifundishwa kuwa wauguzi na wasaidizi wa munganga, lakini mulango wa kuwa munganga kamili ulifungwa. Congo ilipata uhuru mwaka 1960 bila Mukongo hata mumoja aliyekuwa ameisha kumaliza masomo ya udaktari. Kisha uhuru, Shirika la Afya Duniani lilisaidia kutuma wasaidizi wa munganga kusoma Ufaransa, na walirudi wakiwa waganga. Watu walewale walioitwa wasaidizi. Hawakukosa akili, walikosa mulango. Mwenye diploma leo asisahau jambo hilo wakati anamuambia mwenzake "wewe haukusoma".

Feza inachochea moto

Tusizunguke: feza iko ndani. Katika kituo kimoja unaweza kukuta muuguzi mwenye namba ya serikali na mushahara, mwingine anayepata prime ya hatari peke yake, na wa tatu ambaye ametumika miaka mingi akiitwa "mupya" bila kupata kitu kutoka Kinshasa. Mara nyingi musaidizi wa sale hayuko kwenye liste yoyote ya serikali. Anapata kile kinachotoka kwenye sanduku ya hospitali, yaani kile wagonjwa walilipa. Vita vikianza, watu wakikimbia na kukosa cha kulipa, sanduku inakauka, na yeye njo wa kwanza kulala njaa.

Shirika la musaada likiingia, linatoa prime kwa wale walio kwenye liste yake. Likitoka, prime inaisha. Watu wawili wanaotumika usiku mumoja, kwenye mugonjwa mumoja, mumoja anapata na mwingine anakosa. Halafu tunashangaa wakigombana juu ya chombo cha choo.

Na kazi inaongezeka bila mikono kuongezeka. Mwezi wa kwanza 2025, watu maelfu walikimbilia ndani ya uwanja wa hospitali kuu ya Masisi wakati risasi zilikuwa zinalia katika muji. Mwisho wa mwezi huohuo, vita vilipofika Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, fasi Kamati ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu inasaidia kupasua majeruhi, ilijaa kupita kiasi. Wengi wa majeruhi wa namna hiyo ni wagonjwa wa wiki nyingi. Siku ya kwanza wanahitaji kupasuliwa. Siku zinazofuata wanahitaji kugeuzwa, kuogeshwa, kulishwa na kufungwa vidonda. Kwenye siku hizo zinazofuata, muuguzi na musaidizi wanakutana kila saa.

Ginsi ugomvi unavyoanza

Mara nyingi unaanza kwa neno dogo. Muuguzi wa miaka 25 anamuita mama wa miaka 50: "Wewe, kuya hapa!" Nyumbani angemuita mama. Ndani ya sale, kwa sababu ya koti, anasahau. Yule mama anakaa kimya. Lakini kesho yake akiitwa, anakuja polepole.

Upande mwingine, kuko wasaidizi wanaokataa kuelekezwa na "mutoto". Muuguzi anasema usimwange mukojo wa mugonjwa huyu mbele nipime, musaidizi anamwanga kwa makusudi. Ao anafungua serumu yeye mwenyewe ili kuonyesha kwamba naye anajua. Hapo kuko hatari ya kweli. Kuhesabu dawa na kuchoma sindano inaomba masomo, na heshima ya umri haichukui nafasi ya masomo.

Kibaya zaidi ni kimya. Musaidizi njo anakuwa wa kwanza kuona kwamba mugonjwa ameacha kula, kwamba kidonda kimeanza kunuka, kwamba mwili uko moto. Lakini siku moja alisema, akajibiwa: "Nani amekuuliza?" Toka siku hiyo anaona na ananyamaza. Muuguzi naye anasoma fishi na kuamini kwamba yote iko sawa.

Mambo yanayosaidia

Jambo la kwanza ni karatasi kwenye ukuta. Karatasi hiyo inasema kazi gani ni ya muuguzi peke yake, gani ni ya musaidizi, na gani wanafanya wawili. Haiko jambo la ajabu. Ubelgiji, fasi ndugu zetu wengi wanafanya kazi ya kusaidia wagonjwa na wazee, serikali iliandika liste ya kazi za musaidizi tangu mwaka 2006. Mwaka 2019 waliongeza zingine, kama vile kupima sukari ya damu na kumupa mugonjwa dawa ya kunywa ambayo muuguzi ameisha kuitayarisha. Musaidizi anafanya hayo chini ya uangalizi wa muuguzi, na muuguzi hawezi kumutupia kitu kisichokuwa kwenye liste. Hospitali ya huku haihitaji kungojea Kinshasa ili kuandika karatasi yake.

Tuchukue mufano wa kugeuza mugonjwa. Watu wa afya wanafundisha kwamba mutu asiyeweza kujigeuza asilale upande mumoja zaidi ya saa mbili hivi. Nyama iliyobanwa kati ya mufupa na kitanda inakosa damu, inakufa. Fasi za hatari ni chini ya mugongo, makalio, nyonga na visigino. Lakini mwenye uzito kwenye mguu hageuzwi sawa na wengine. Inaomba muuguzi aonyeshe ginsi ya kumuinua kiuno kidogo bila mguu kuhama. Akiisha kuonyesha, musaidizi na jamaa wanaweza kuendelea, naye anapita kuangalia ngozi. Kwa hiyo jibu la "ni kazi ya nani" ni kwamba ujuzi ni wa huyu, mikono ni ya yule, na macho ni ya wote.

Jambo la pili ni kupokezana kazi pamoja. Asubui na mangaribi, wauguzi wanapoambiana habari za wagonjwa, wasaidizi wasibakie inje na ndoo. Dakika kumi zinatosha. Na musaidizi aulizwe kwanza: "Mama, usiku umeona nini?" Swali hilo linamurudishia heshima yake, na linaweza kuokoa mutu.

Jambo la tatu ni kutogombeza mutu mbele ya wagonjwa. Kosa la hatari lisimamishwe palepale, kwa neno fupi. Maneno mengine yangojee chumba cha pembeni, wawili peke yao, kisha na mukubwa wa sale kama hawasikilizani. Mukubwa naye asikilize pande zote mbili mbele ya kusema. Akimusimamia kila mara mwenye diploma, wasaidizi wataacha kumuletea maneno.

Jambo la ine ni kuonyesha feza. Mwezi ukiisha, wasomee watumishi wote ni ngapi iliingia kwenye sanduku, ni ngapi ilitoka, na kila ngazi inapata sehemu gani. Feza ikiwa kidogo, watu wanaweza kuvumilia. Ikiwa siri, hawavumilii hata ikiwa nyingi.

Na kama mambo yanashindikana? Katika hospitali, ugomvi unatoka kwa mukubwa wa sale, unaenda kwa mukubwa wa wauguzi, halafu kwa kamati inayoongoza hospitali. Katika kituo cha afya, unaanza kwa tituleri. CODESA, ile kamati ya raia wa aire ya afya, inaweza kusaidia kupatanisha, na juu yake kuko ofisi kuu ya zone. Kupeleka jambo kwenye njia hiyo haiko kushitaki mwenzako.

Na sisi jamaa za wagonjwa?

Sisi nasi tunaongeza moto. Tunamukimbilia muuguzi na kumusema musaidizi. Tunamupa musaidizi feza kidogo pembeni ili amuangalie mugonjwa wetu kupita wengine. Tunabeba maneno ya huyu kwa yule.

Nikikumbuka baba mukubwa, ninaona kosa langu. Nilienda kwa muuguzi peke yake, kisha kwa yule mama peke yake, na kila mumoja akanipeleka kwa mwingine. Sikuwaita wote wawili kando ya kitanda.

Basi, ndugu musomaji, siku ukimupeleka mutu wako hospitali na wakisema atalala wiki nyingi, usingojee alama nyekundu. Siku ileile ya kwanza, ngojea wakati muuguzi na musaidizi wako pamoja, uwasalimie kwa heshima, na uulize: "Usiku, nani atamugeuza mugonjwa wetu, na mimi nisaidie namna gani?" Wajibu mbele yako, wakiwa wawili.