Kufasiri Habari za Kandanda Zitokazo Marekani

Makusudio ya makala haya ni kuwaonyesha wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwamba istilahi za mchezo hazifasiriki sawasawa bila ya kuujua mchezo wenyewe na desturi ya anayeusimulia. Tumechagua habari za kandanda ziandikwazo na vyombo vya Marekani, kwa kuwa neno wanaloliitia mchezo huo limekwisha kuingia katika Kiswahili: soka.

Kwa asili neno hilo si la Marekani. Lilizaliwa Uingereza katika karne ya 19, likiwa ufupisho wa jina la mpira uliochezwa kwa kanuni za Chama cha Kandanda, kilichoundwa mwaka 1863. Wamarekani walilishika kwa sababu neno "football" wamelipa mchezo wao mwingine, ambao mpira wake hubebwa mikononi. Basi mfasiri alikutapo neno hilo katika gazeti la Marekani asikimbilie kuandika "mpira wa miguu". Kwanza atazame ni mchezo upi. Ule wa kubeba tunapendekeza uitwe mpira wa Kimarekani.

Jambo la pili ni mpangilio wa majina. Katika michezo mingi ya Marekani ni desturi kumtaja mgeni kwanza, kisha mwenyeji. Sisi humtanguliza mwenyeji. Tuchukue mfano wa Ndanda, timu yenye asili ya wilaya ya Masasi, iliyocheza Ligi Kuu tangu msimu wa 2014/2015 hadi 2019/2020 na kuufanya uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, kuwa nyumbani kwake. Kwa desturi yetu, "Simba na Ndanda" ni mchezo wa Dar es Salaam. Kwa desturi ya Kimarekani ni mchezo wa Mtwara. Kama ratiba ingefasiriwa bila ya kugeuzwa, mpenzi wa Ndanda aliyeko Newala angebaki Uwandani siku ambayo timu yake inacheza Mtwara. Kila neno lingekuwa sahihi, na habari ingekuwa ya uongo.

Tatu, tuangalie namna ya kumpata mshindi. Ligi ya Amerika ya Kaskazini kati ya 1977 na 1984, na baadaye ligi ya MLS kati ya 1996 na 1999, ziliamua michezo ya sare kwa njia yao wenyewe. Mchezaji alianza na mpira yadi 35 kutoka golini, akapewa sekunde 5 za kumkabili mlinda mlango, ambaye aliruhusiwa kutoka langoni. Mfasiri akiandika "mikwaju ya penalti" amepotosha, maana penalti hupigwa yadi 12, mpira ukiwa umetulia. Tunapendekeza: mikimbio ya kumkabili kipa.

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya MLS, saa ya uwanjani nayo ilihesabu kurudi nyuma. Bao lililofungwa saa ikionyesha 10 katika kipindi cha pili ni bao la dakika ya 80, si la dakika ya 10.

Mwisho ni neno "mapumziko". Michezo mingi ya Marekani husimama mara kwa mara, na televisheni zake zimezoea kutia matangazo ya biashara hapo. Mwaka 1990 kituo cha TNT kilikatiza michezo ya Kombe la Dunia kwa matangazo huku mpira ukiendelea. Mwaka 1994, Marekani ilipokuwa mwenyeji, ABC na ESPN ziliacha jambo hilo. Ukatizaji wa namna hiyo usiitwe mapumziko. Neno hilo libaki kwa muda ulio kati ya vipindi viwili.

Tunawashauri walimu, wa Masasi na Newala na kwingineko, wawape wanafunzi habari ya aina hii na kuwauliza maswali matatu kabla ya kufasiri: Ni mchezo upi? Mwenyeji ni nani? Saa inahesabu vipi? Asiyeweza kuyajibu bado hajawa tayari kushika kalamu.