Kagua Fimbo Kabla Mzee Hajaiegemea

Huku kwetu Kalundu wazee wengi hutunzwa nyumbani, mikononi mwa watoto na wajukuu. Ni jambo jema. Lakini nakuuliza: ncha ya fimbo ya baba yako umeitazama lini?

Mimi nilikosa katika jambo hili. Bibi mmoja alikuwa akija kila juma kufungwa kidonda, akitembea kwa fimbo. Nilitazama kidonda, fimbo sikuitazama. Mpira wa ncha yake ulikuwa umelika mpaka mti ukaonekana. Asubuhi moja ya mvua fimbo iliteleza juu ya saruji, mlangoni pake. Akavunjika mfupa wa paja karibu na nyonga, wala hakutembea tena. Kidonda kilipona, bibi alibaki kitandani.

Basi, fanya hivi kila Jumamosi, kabla ya siku ya Bwana:

1. Fimbo na magongo. Pindua utazame mpira. Ukiwa umelika au umepasuka, weka mwingine. Asiyeweza kununua akate kipande cha tairi kuukuu, akikaze vizuri. Kichwa cha msumari kizame ndani ya mpira, kisiguse sakafu. Fimbo ya kipimo chema hufika kwenye kifundo cha mkono, mzee akisimama na viatu vyake, mikono ikining'inia.

2. Kiti cha magurudumu. Bonyeza tairi. Upepo ukipungua breki haikamati, na njia zetu nyingi hushuka kuelekea ziwani. Funga breki, kisha sukuma kiti kikiwa kitupu. Kikitembea, kipeleke kwa fundi wa baiskeli. Kikilowa, kipanguse siku ileile, maana kutu haingoji. Tia mafuta ya mashine kidogo penye kuzunguka magurudumu. Usitie mawese, maana huganda na kushika mchanga. Breki usiipake mafuta kamwe.

3. Beseni la choo. Uchafu utupwe chooni, beseni lioshwe kwa sabuni, mbali na maji ya kunywa. Usilioshe ziwani. Kipindupindu twakijua sana hapa Uvira, na jirani yako huteka maji palepale.

4. Mahali pa chombo. Usiku fimbo iegemezwe pale mkono wa mzee unapofika. Mto Mulongwe ulipofurika Uvira mwezi wa Aprili 2020, maji hayakumngoja mtu atafute magongo yake.

Soma 2 Wafalme 6. Mtu mmoja aliangushia chuma cha shoka majini akalia, maana lilikuwa la kuazima. Elisha hakulidharau jambo lile dogo, chuma kikaelea. Magongo uliyopewa na hospitali ni ya kuazima pia: mzee wako akiisha kuyatumia, mwingine anayangojea. Tena mzee mwenyewe umekabidhiwa na Mungu.

Jumamosi hii inama, shika fimbo yake, uitazame.