Dhahabu Nyekundu ya Faraday

Haya, sogeeni, wanangu. Mkiulizwa dhahabu ina rangi gani, mtasema ya manjano. Leo nawapa kisa cha dhahabu nyekundu, wala si hadithi ya sungura na fisi.

Huko London aliishi Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyejifunza kujalidi vitabu kabla ya kuwa mwanasayansi mashuhuri. Katika miaka ya 1850 alichukua chumvi ya dhahabu iliyoyeyuka majini, akaitia fosforasi. Maji yakawa mekundu, tena maangavu, huoni hata punje moja ndani yake. Dhahabu imekwenda wapi?

Faraday akapenyeza mwali wa mwanga kwenye chupa, akachungulia kutoka ubavuni. Njia ya mwanga ikaonekana wazi ndani ya maji! Maji safi hayafanyi hivyo. Bila shaka mmewahi kuona jua likipenya tundu la bati, vumbi likaudaka mwanga na kuutawanya. Basi dhahabu ilikuwamo, imegawanyika chembe ndogo mno. Chembe za nanomita 20 mkizipanga mstari mmoja, zitahitajika 50,000 kutimiza milimita moja.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Faraday akatia chumvi kidogo. Wekundu ukatoweka, maji yakawa ya buluu!

Yeye aliliona badiliko hilo na kulitangaza mwaka 1857, ila sababu yake ilieleweka vizuri baadaye. Kila chembe imevaa chaji hasi ya umeme, na chaji za aina moja husukumana. Ndiyo maana chembe hazigusani. Kila moja inaelea peke yake, inameza zaidi mwanga wa kijani na kuuachia mwekundu upite. Ukitia chumvi, ioni za sodiamu zenye chaji chanya huizingira kila chembe, na ule msukumano hauwafikii tena majirani. Chembe zinagongana, zinanasana, zinakuwa vishada. Ndani ya kishada elektroni za chembe jirani huyumba kwa pamoja, na sasa mwanga unaomezwa ni mwekundu. Unaobaki kupita ni wa buluu. Dhahabu ni ileile, haikuongezwa wala kupunguzwa.

Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie alikokotoa jinsi tufe moja linavyomeza na kutawanya mwanga, akieleza rangi hizo hizo za dhahabu. Hesabu ya kishada ni ngumu zaidi, kwa sababu mwanga uliotawanywa na chembe moja huipiga nyingine, nayo ikautawanya tena. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta.

Basi siku mkipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, tone la damu likitiwa kwenye kikasha cha plastiki, utazameni vizuri mstari mwekundu unaojitokeza. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule ni wa chembe za dhahabu.