Mvinyo wa Dodoma: Umeshapita Mikono Mingapi?

Sisi watoto wa Kigoma na Ujiji tunaijua Dodoma kwa Reli ya Kati, ile iliyofika kwetu mwaka 1914. Treni ikisimama, mimi nachungulia dirishani natafuta zabibu. Lakini washikaji, zile zisizoliwa zinakwenda wapi?

Wa kwanza walikuwa mapadri. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana, wakapata divai ya misa. Baadaye serikali nayo ikaingia: likaja shirika la umma, DOWICO, likinunua zabibu za wakulima na kuuza mvinyo madukani.

Miaka ya 1990 shirika likayumba, kilio kikaanza. Zabibu si mahindi bwana, huwezi kuziweka ghalani ukisubiri bei ipande. Wakulima wengine wakakata tamaa, shamba likabaki magugu. Halafu wakaja watu binafsi. Hombolo kikajengwa kiwanda cha CETAWICO.

Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mwenye kiwanda akibadilika, mzabibu haujui, unazaa tu. Anayejua ni mkulima. Kwa hiyo ukiletewa chupa mezani, usiulize bei peke yake. Uliza pia aliyeilima kalipwa lini.